Taarifa Zako Zimevuja: Cha Kufanya Kabla Tapeli Hajapiga

Mkazi wa Chamazi au Bunju, Dar es Salaam, haletewi bahasha ya kumwambia kwamba taarifa zake zimeibwa. Sanduku la posta hana. Habari kama hiyo humfikia kwa ujumbe mfupi, kwa barua pepe anayoifungua kwa nadra, au kwa tangazo lililowekwa usiku kwenye ukurasa wa Instagram wa kampuni. Maneno yake huwa ya upole: "Ndugu mteja, tumebaini tukio la kiusalama lililogusa baadhi ya taarifa za wateja wetu. Tunaendelea kulifanyia kazi." Msomaji anatazama, hajui afanye nini, anaendelea na shughuli zake. Baadaye anapigiwa simu na mtu anayemtaja kwa majina yote matatu, anayejua mtaa anaokaa na tarehe aliyozaliwa, na kwa kuwa anayajua hayo yote, anaaminika.

Tangazo na simu hiyo ni jambo moja, na muda ulio kati yake ndio muda wa kufanya kazi. Ushauri mwingi unaosambaa kuhusu muda huo umetoka Marekani na umeandikwa kwa ajili ya maisha ya huko. Jimbo la California ndilo lililotangulia kuzilazimisha kampuni ziwaarifu watu taarifa zao zikiibwa, kwa sheria iliyoanza kutumika Julai 1, 2003, na majimbo mengine yakafuata. Ndugu zetu walioko Houston au Minneapolis wanazifahamu barua hizo vizuri. Mwaka 2017 kampuni ya taarifa za mikopo ya Equifax ilipoteza taarifa za watu wapatao milioni 147. Mwaka 2021 ikawa zamu ya kampuni ya simu ya T-Mobile. Barua humshauri mtu azuie rekodi yake ya mikopo, kwa sababu kule mwizi mwenye namba yako ya hifadhi ya jamii anaweza kuchukua kadi ya benki na mkopo wa gari kwa jina lako, nawe ukabaki unadaiwa.

Kwetu Tanzania pia zipo kampuni za taarifa za mikopo zilizopewa leseni na Benki Kuu, zikiwemo Creditinfo na Dun & Bradstreet, na mwenye mkopo benki atafanya vizuri kuomba ripoti yake huko. Lakini mama anayeuza vitenge Mbagala Rangi Tatu hana kadi ya mkopo. Mtaji wake uko kwenye simu, mchango wa kikoba unapita kwenye simu, ada ya mtoto inalipwa kwa simu. Kwake mlango wa mwizi ni laini, na hapo ndipo pa kuanzia.

Laini zetu zimefungwa na kitambulisho kwa kamba ngumu. Usajili wa alama za vidole ulianza Mei 2019, na ilipofika Januari 20, 2020, laini zisizosajiliwa kwa njia hiyo zikaanza kuzimwa. Tangu hapo namba ya kitambulisho cha taifa, yaani ya NIDA, na namba ya simu zimekuwa ndugu: anayeipata moja anaitafuta ya pili. Tena namba ya NIDA haikai kimya. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Fundi fotokopi aliyebaki na nakala ya kitambulisho chako, mlinzi wa getini aliyeinakili namba kwenye daftari la wageni, mhudumu wa gesti, wakala wa pesa, wote wameshika tarehe yako ya kuzaliwa hata kama hukuwaambia. Sasa angalia ni wangapi wametumia mwaka wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya tarakimu nne. Kama wewe ni mmoja wao na umeambiwa namba yako ya NIDA imevuja, badilisha namba ya siri leo, kabla ya kumaliza kusoma makala haya. Namba ya NIDA huwezi kuibadilisha, utaishi nayo maisha yako yote. Ya siri unaweza, na haigharimu kitu.

Ukishabadilisha, piga *106# uhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Fanya hivyo kwa kila mtandao uliowahi kuutumia, hata ule ulioutupa miaka mitatu iliyopita. Ukikuta namba usiyoijua, nenda duka la huduma la mtandao huo ukiwa na kitambulisho, uombe ifungwe, na uandikiwe kwamba umeripoti. Ukiwaza namba hiyo imetoka wapi, kumbuka vijana wa kusajili laini chini ya mwavuli. Baadhi yao walimwambia mteja kwamba kidole hakijasoma, weka tena, na mara ya pili ilikuwa inasajili laini nyingine kwa jina lake. Sijasema wote, wengi ni vijana waaminifu wanaohangaika na jua. Ila laini ya namna hiyo ikitumika kutapeli, jina litakalosomeka kituo cha polisi ni lako, na wewe ndiye utakayeanza kujieleza.

Lipo tukio moja ambalo kila mtu anapaswa kulitambua mara moja: simu inapoteza mtandao ghafla huku majirani wa mtandao uleule wakiongea kama kawaida. Huenda ni hitilafu ndogo. Huenda pia kuna mtu ame-renew laini yako kwenye kadi yake, na muda huo ujumbe wa benki unaingia kwenye simu yake. Usikae kuizima na kuiwasha. Azima simu ya mtu wa mtandao huohuo upige 100. Nasisitiza mtandao huohuo, kwa sababu 100 hupokelewa na mtandao wa laini unayopigia. Ukiazima ya mtandao mwingine utajikuta unazungumza na watu wasioweza kukusaidia. Kama huipati, kimbilia duka la huduma, kisha benki, hasa kama akaunti yako imeunganishwa na SimBanking, NMB Mkononi au huduma nyingine kama hizo.

Hiyo ni hatari ya laini kuchukuliwa. Ipo nyingine inayowapata watu wengi zaidi, na haihitaji mwizi aguse laini yako kabisa.

Kila mwenye simu Dar es Salaam amewahi kupata ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Ujumbe wa aina hiyo ni wavu unaotupwa gizani. Anayeutuma hajui wewe ni nani, anatumaini tu kwamba kati ya watu elfu moja atamkuta mmoja ambaye kweli alikuwa anataka kutuma hela. Taarifa zilizovuja zinamwondolea giza. Akipata orodha ya wapangaji wa dalali mmoja wa Tegeta, anajua nani anapanga, kwa nani, na kodi inaisha mwezi gani. Ujumbe wake sasa unataja jina la mwenye nyumba. Akipata fomu za shule, anajua mtoto yuko darasa la ngapi na namba ya mzazi ni ipi, na simu itaingia saa tano asubuhi ikisema mtoto ameanguka uwanjani, hospitali inataka malipo ya awali. Mzazi gani ataanza kuuliza maswali?

Kwa hiyo tangazo likija na jina lako, usidhani wewe ndiye utakayeibiwa. Mara nyingi anayeibiwa ni mama yako aliyeko Masasi, anayepigiwa na kijana mwenye adabu nyingi: "Shikamoo mama. Mimi nipo na mwanao hapa Temeke, amepata ajali ya bodaboda, simu yake imepasuka, tutumie kwenye namba hii." Kijana huyo analijua jina lako, anajua unakaa wapi na unafanya kazi gani. Mama hana sababu ya kumtilia shaka. Taarifa ni zako, fedha ni ya mama.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza baada ya laini haumo kwenye barua yoyote ya kampuni niliyopata kuisoma: wapigie watu wako. Mpigie mama, mke au mume, mtunza hazina wa kikoba, na yule ndugu ambaye husikia shida ya mtu akatuma hela bila kuuliza. Waambie taarifa zako zimetoka nje, na kwamba mtu yeyote atakayeomba hela kwa jina lako, hata kama sauti inafanana, wakate simu wapige namba yako ya siku zote. Isipopatikana, wampigie mtu mwingine wa nyumbani. Mkubaliane swali moja ambalo halijaandikwa kwenye fomu yoyote, kama jina la jirani wa zamani au chakula ambacho bibi alikuwa hali. Tapeli mwenye nakala ya NIDA hawezi kulijibu.

Fanya hivyo hasa kama kwenu kuna laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Wazee wengi wanatumia laini iliyosajiliwa na mtoto, kwa kuwa siku za foleni ya NIDA hawakuwa na namba. Tahadhari ya kampuni ikielekezwa kwa aliyesajili, mwenye kuishika simu hatajua lolote.

Tuje kwa simu yenyewe, kwa sababu itakuja. Kilichovuja kwa kawaida ni nusu tu ya kinachohitajika kuchukua fedha. Nusu ya pili unayo wewe: namba ya siri, na zile tarakimu za uthibitisho zinazoingia kwa ujumbe. Tapeli anatumia nusu aliyonayo kukushawishi utoe iliyobaki. Atajitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja. Atakusomea namba yako ya NIDA, pengine hata muamala wako wa mwisho, kisha atasema kwa sauti ya kukujali: "Dada yangu, akaunti yako inashambuliwa sasa hivi, nisomee namba iliyoingia tuizuie." Kila alichokisoma ni cha kweli, na ukweli huo ndio chambo. Mtu kujua habari zako hakuthibitishi anatoka wapi. Baada ya kuvuja, habari hizo ziko sokoni. Kata simu. Piga mwenyewe 100, au namba iliyo nyuma ya kadi ya benki. Ujumbe wa kitapeli pamoja na namba iliyoutuma vipeleke 15040, namba iliyowekwa kwa kazi hiyo, bila malipo.

WhatsApp nayo inaingia hapa. Ombi la "nimekutumia code kwa makosa, nirudishie" ndilo linalohamisha akaunti yako kwenda kwa mwingine, na akishaingia anakuta makundi ya michango ya harusi, ya misiba, ya wazazi wa darasa, yenye majina, namba na kiasi alichoahidi kila mtu. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye mipangilio. Ni kazi ya dakika moja.

Tangazo lenyewe nalo lipimwe, kwani matapeli wamejifunza kuliiga. Equifax ilipotangaza msiba wake, ilifungua tovuti mpya ya wateja kuulizia kama wameguswa, yenye jina geni tofauti na tovuti yake ya kawaida. Mhandisi mmoja wa programu za kompyuta akatengeneza tovuti ya mfano yenye jina linalofanana, kuonyesha hatari ilivyo, na ukurasa wa Twitter wa Equifax yenyewe ukawaelekeza wateja kwenye ile ya bandia. Kama kampuni inaweza kupotea njia ya nyumbani kwake, mteja wa Mbande ataachaje kupotea? Usibonyeze kiungo kilichomo kwenye ujumbe. Jina la kampuni kuonekana mahali pa namba ya mtumaji si uthibitisho, nalo huigwa. Nenda tawini, au fungua programu uliyoizoea, au piga namba uliyokuwa nayo kabla ya ujumbe kuja. Tangazo la kweli halikuombi namba ya siri wala halikudai ada ya "kulinda akaunti".

Ukishajua ni la kweli, lisome mara ya pili ukitafuta tarehe tatu: siku wezi walipoingia, siku kampuni ilipogundua, siku ilipokuambia. Kwa Equifax wezi waliingia Mei 2017, kampuni ikagundua Julai 29, umma ukaambiwa Septemba 7. Muda huo wote taarifa zilikuwa nje na wenyewe hawajui. Tangazo lisilo na tarehe limekuficha jambo unalolihitaji, kwa sababu tarehe ndizo zinazokuonyesha ukague miamala ya tangu lini. Pima pia ile sentensi inayopendwa sana, kwamba "hakuna ushahidi kuwa taarifa zako zimetumika vibaya". Maana yake ni kwamba hawajauona. Baadhi yao hawajautafuta.

Kisha tafuta nini hasa kimetoka. Jina na namba ya simu pekee vinakuletea wavu wa gizani tu. Neno la siri likitoka, libadilishe hapo na kila mahali ulipolitumia, na wengi wetu tunalo moja la kila kitu. Taarifa za afya ni jambo zito zaidi, maana aibu haina namba ya siri ya kubadilisha.

Uvujaji ambao hautangazwi kamwe ni ule wa programu za mikopo ya mtandaoni. Unaipakua, inaomba ruhusa ya kusoma majina yaliyo kwenye simu, unabonyeza kukubali kwa sababu una shida ya haraka. Ukichelewa kulipa, bosi wako, shemeji yako na mchungaji au ustadhi wako wanapokea ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Hao hawakukopa, hawakukubali chochote, lakini namba zao ziko kwenye kompyuta ya mtu wasiyemjua. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila kibali. Kama uliwahi kutumia mojawapo, chukulia kwamba orodha yote ya majina yako imevuja, ingawa hakuna atakayekuandikia. Kufuta programu hakurudishi kilichokwisha kuchukuliwa; inabaki kuwaambia watu wako, kwa ujasiri, kabla hawajaambiwa na mwingine. Kenya wamekwenda mbele kidogo: Septemba 2023 ofisi yao ya ulinzi wa data iliitoza faini kampuni ya Mulla Pride, iliyokuwa na programu za KeCredit na Faircash, kwa kutumia majina na namba za watu kuwasumbua.

Sheria yetu ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024. Inampa kila mmoja wetu haki ya kuuliza taasisi ina taarifa gani zake, kudai zisahihishwe au zifutwe, kukataa zisitumike kwa matangazo ya biashara, na kudai fidia akiumizwa. Taarifa zikivuja, sheria inamtaka mkusanyaji aiarifu Tume bila kuchelewa. Naona pengo kubwa hapo, kwa kuwa wajibu huo unaelekea kwa Tume, na mwenye taarifa anabaki akitegemea hisani ya kampuni au juhudi za Tume. Sheria ya Kenya ya 2019 inataka mkuu wa ofisi ya ulinzi wa data aarifiwe ndani ya saa 72 na mwenye taarifa naye aandikiwe. Ya Uganda ya mwaka huohuo inaipa mamlaka husika uamuzi wa kama mwenye taarifa aarifiwe. Bunge letu au kanuni zetu zingeweza kuongeza sentensi moja: mwenye taarifa aambiwe, kwa Kiswahili, kwa ujumbe mfupi, pamoja na tarehe na orodha ya kilichotoka. Mama wa Rangi Tatu anayestahili kujua hayo hasomi magazeti ya serikali.

Kwa sasa haki hizo zinadaiwa kwa kalamu. Hifadhi tangazo, piga picha ya skrini yenye tarehe, kisha iandikie kampuni barua fupi. Uliza: ni taarifa gani zangu zimetoka, lini, nani amezipata, Tume imearifiwa tarehe ngapi, na mtafanya nini kunilinda. Ongeza kwamba unaomba taarifa zisizohitajika tena zifutwe. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Kama fedha imekwisha kutoka, piga mtandao au benki kwanza, maana muamala unaweza kuzuiwa kabla haujatolewa kwa wakala, ndipo uende polisi ukachukue namba ya taarifa yako, yaani RB, Chang'ombe kwa wa Temeke, Oysterbay kwa wa Kinondoni, au kituo kilicho karibu nawe. Kujifanya mtu mwingine kwa njia ya mtandao ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba hilo ni suala la kampuni ya simu peke yake. Kampuni ikinyamaza, peleka malalamiko Tume ukiwa na ile nakala yenye muhuri, tangazo, na namba ya RB kama unayo. Suala la benki au mkopo likikwama hukohuko, Benki Kuu inapokea malalamiko. La mtandao wa simu lipeleke kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Tume ina uwezo wa kuitoza taasisi faini ya hadi shilingi milioni 100, lakini lalamiko la mtu ndilo linaloipa pa kuanzia, na hadi sasa wengi wetu tunalalamika kwa majirani tu.